Mstari Mwekundu kwenye Kipimo cha Malaria Unatoka Wapi?



Leo tuzungumze juu ya mstari mdogo mwekundu ambao karibu kila mama wa huku ufuoni ameuona, na ambao majuzi ulitaka kuleta ugomvi katika kikundi kimoja nilichokitembelea. Nilikuwa nimeenda kuangalia vitabu vyao vya akiba. Kabla hatujafungua daftari la kwanza, dani mmoja akaingia amembeba mjukuu wa miaka mitatu, mwili wa mtoto moto kama jiko. Bahati nzuri, mweka hazina wa kikundi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, na kasha lake la kazi lilikuwa pale pale stoo. Akamdunga mtoto kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akaongeza matone ya ile dawa ya chupa ndogo, akaangalia saa. Tukangoja.

Mstari wa kwanza, ule wa herufi C, ukatokea mwekundu wazi. Wa pili, pale penye T, ulitokea hafifu sana, kama mahali palipofutwa kwa kidole chenye rangi. Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Hiyo si mstari, hiyo ni kivuli." Mwingine akasema ni malaria kidogo tu, mtoto apewe panadol waone kesho. Dani akamgeukia mhudumu: "Daktari, sasa niamini wewe ama niamini macho yangu?" (Wahudumu wetu huitwa daktari hata wakikataa.)

Mhudumu hakuyumba. Alisema mstari hafifu ni mstari, mtoto ana malaria, akatoa dawa ya AL kulingana na uzito wa mtoto na kumwonyesha dani namna ya kuimaliza kwa siku 3. Lakini mama mmoja kijana aliuliza swali ambalo lilitushinda wote wawili: "Kama ni malaria kweli, mbona usiwe mwekundu kama ule mwingine? Na hiyo rangi ni nini, ni damu ya mtoto?"

Mimi nami miaka yote nilidhani ni damu. Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikauliza wanaojua na kusoma, na majibu niliyopata ndiyo haya ninayowaletea.

Si damu. Ni dhahabu.

Dhahabu isiyo ya manjano

Msicheke. Ndani ya kile kibao cha plastiki kuna ukanda wa karatasi, na mwanzoni mwa ukanda, karibu na mahali pa kuweka damu, kiwanda kimekausha chembe za dhahabu. Ni dhahabu ile ile wanayoitafuta watu wa Migori na wale akina mama wanaoosha mchanga kule Siaya. Tofauti ni ukubwa. Chembe moja ya kipimo ina upana wa nanomita 40 hivi. Gawanya milimita moja mara milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa mtu una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo ungehitaji kupanga chembe 2,000 za dhahabu kwenye mstari mmoja kuvuka upana wa unywele mmoja.

(Na kabla mtu hajaanza kukusanya vipimo vilivyotumika akitafuta utajiri: dhahabu iliyomo ni kidogo mno, hata gunia zima halitakutajirisha. Utapata moshi wa plastiki na damu za watu, basi.)

Sasa, dhahabu ya pete ni ya manjano. Mbona hii ni nyekundu? Hapa inabidi twende polepole.

Nuru ya jua ina rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi ni wimbi lenye mpigo wake. Wimbi la kijani hupiga haraka kuliko wimbi jekundu. Ndani ya chembe ya dhahabu kuna vitu vidogo zaidi viitwavyo elektroni, ambavyo havikufungwa mahali pamoja, vinaweza kuyumba huku na huku. Nuru ikigonga chembe, elektroni hizo huyumba zote pamoja. Na kama kila kitu kinachoyumba, zina mwendo wake unaozipendeza.

Fikirieni mitumbwi iliyoegeshwa pale Dunga. Mtumbwi mfupi wa mvuvi mmoja huinuka na kushuka haraka haraka. Boti ndefu ya omena huyumba polepole. Wimbi likija kwa mpigo unaolingana na mwendo wa mtumbwi, mtumbwi hulimeza wimbi hilo na kurukaruka sana. Wimbi la mpigo mwingine hupita bila kuusumbua. Chembe ndogo ya dhahabu ni kama ule mtumbwi mfupi. Mwendo wake unalingana na wimbi la kijani, kwa hiyo inalimeza la kijani. Nuru iliyobaki ndiyo inayofika kwenye jicho lako, na nuru ikitolewa kijani, macho yetu huiona nyekundu.

Kwa hiyo wekundu ule haukupakwa. Ni udogo wa chembe unaofanya dhahabu ionekane hivyo.

Zikikaribiana, rangi inahama

Jambo la pili ndilo lililonishangaza zaidi, na ndilo lenye faida kwetu. Rangi haitegemei ukubwa wa chembe peke yake. Inategemea pia nafasi iliyo kati ya chembe na jirani yake.

Rudini kwa mitumbwi. Ikiwa mbali mbali, kila mmoja unayumba kivyake. Lakini ichukueni miwili mifupi, muifunge kichwa kwa mkia, karibu kabisa. Sasa haiyumbi tena kama mifupi miwili, inayumba kama mmoja mrefu, polepole. Chembe za dhahabu nazo ni hivyo. Zikisogeleana hadi nafasi ya katikati iwe ndogo kuliko upana wa chembe yenyewe, kuyumba kwa moja kunamvuta jirani, na mwendo wa zote unapungua. Hazimezi tena kijani, zinameza rangi za mpigo wa polepole, manjano na nyekundu. Kinachobaki ni zambarau, halafu buluu. Dhahabu ni ile ile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ni kusongamana tu.

Michael Faraday, mwanasayansi wa London, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1857. Alikuwa na chupa za maji mekundu yenye dhahabu laini ndani, na akaona kwamba akitia chumvi, maji yanageuka kuwa ya buluu. Kwa nini chumvi? Akina mama wa huku wanajua jibu bila kwenda shule, kwa sababu wanatumia shabu kusafisha maji. Maji ya ghuba yetu ya Winam, hasa Nyando inapofurika, yamejaa udongo laini ambao hautulii hata ukiuacha usiku kucha. Chembe za udongo zinasukumana, kila moja inamkataa mwenzake, kwa hiyo zinabaki zikielea. Ukikoroga shabu, ule uadui unaisha. Zinashikana, zinakuwa mabonge, zinashuka chini ya ndoo. Chumvi ya Faraday iliifanyia dhahabu kazi ya shabu.

Kuna njia nyingine ya kuzisogeza chembe: kuziminya. Wataalamu wa maabara ya Sandia kule Marekani walipanga chembe za dhahabu safu kwa safu, wakazibana kati ya ncha mbili za almasi kwa kani iliyo makumi ya maelfu ya mara ya ile ya hewa tunayovuta. Kadiri walivyobana, nafasi kati ya chembe ilipungua. Wakilegeza mapema, chembe zinarudi mahali pake. Wakizidisha, zinagusana, zinaungana na kuwa nyuzi za dhahabu, na hapo hakuna kurudi.

Mwaka 2014 watu wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside walifanya kinyume. Walitengeneza utando wa plastiki wenye chembe za dhahabu zilizoshikana kama shanga, kwa hiyo utando ulikuwa wa buluu. Ukiubonyeza, shanga zinaachana na mahali pale panageuka kuwa pekundu, na kadiri ulivyobonyeza kwa nguvu ndivyo rangi inavyohama zaidi. Kwa hiyo si kila kubana kunaleta karibu. La kuangalia ni nafasi: chembe zimebaki mbali au zimesongamana?

Neno moja juu ya ndugu zake

Wenye vijana wanaosoma sayansi huenda wamesikia "nukta za kwanta", zinazotumika katika televisheni za kisasa. Hizi si dhahabu. Ni chembe ndogo zaidi, za nanomita chache tu, za madini ya aina ya yale yanayotumika katika redio na paneli za sola. Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa watu watatu kwa kazi hiyo: Alexei Ekimov, Louis Brus, na Moungi Bawendi ambaye baba yake alikuwa Mtunisia, Mwafrika mwenzetu.

Nukta hizi hutoa nuru yake zenyewe, na namna yake ni tofauti na ya dhahabu. Hapa mfano mzuri ni nyatiti. Uzi mfupi hulia sauti ya juu, uzi mrefu sauti ya chini. Vivyo hivyo nukta ndogo hutoa nuru ya buluu na kubwa hutoa nyekundu. Ukikaza uzi, sauti inapanda. Na nukta za aina iliyochunguzwa sana, zikiminywa kwa kani kubwa, nuru yake inapanda kuelekea buluu. Lakini zikipangwa zikigusana, ndogo humpa kubwa nguvu yake kabla haijawaka yenyewe, na yule mkubwa ndiye anayewaka, kwa hiyo nuru ya wote inashuka kuelekea nyekundu. Bawendi na wenzake waliliona hilo mwaka 1996. Kwa hiyo hata huko, kubana na kukaribiana kunabadilisha rangi, ila kila kimoja kwa njia yake. Sitaendelea zaidi, maana hizo hazimo katika kasha la mhudumu wetu.

Sasa turudi kwa mtoto wa dani

Kiwandani, kila chembe ya dhahabu huvishwa koti. Koti hilo ni kingamwili, kitu kinachotambua protini moja ambayo vimelea vya malaria huiachia katika damu. Koti linafanya kazi mbili kwa mara moja: linaikamata ile protini, na linaizuia dhahabu isiguse dhahabu.

Unapoweka damu na matone, maji yanapanda kwenye karatasi na kuzibeba chembe. Kama protini ya malaria imo, chembe zinaibeba njiani. Pale kwenye T pana kingamwili nyingine zilizobandikwa kwenye karatasi, nazo zinaikamata protini pamoja na dhahabu iliyoishika. Chembe maelfu kwa maelfu zikikwama pale, jicho linaona mstari mwekundu. Zile zinazopita zinakamatwa kwenye C, kuonyesha kwamba maji yamefika na dhahabu imetembea. Kama hakuna mstari kwenye C, kipimo kimeharibika hata kama T imetokea, kitupwe na kichukuliwe kingine.

Kwa hiyo mama kijana aliyeuliza mbona mstari ni hafifu, jibu lako ni hili: wekundu unatokana na wingi wa chembe zilizokamatwa. Chache zikikamatwa, mstari unakuwa wa waridi hafifu. Lakini dhahabu haina sababu ya kukwama pale kama hakuna kilichoikamata. Mstari hafifu haumaanishi "malaria kidogo" wala "labda". Ni ndiyo. Mtoto mwenye mstari hafifu anaweza kuzidiwa usiku huo huo sawa na mwenye mstari mkali. Na mtoto anayepata degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au anayelegea na kutoamka vizuri, huyo asingojeshwe mstari wowote. Ni kutafuta boda boda mara moja na kwenda hospitali.

Hilo ni jambo zito kwetu kuliko kwa watu wa Nairobi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika watoto 6 kwa kila 100 nchini Kenya. Katika ukanda wetu wa ziwa walikuwa 19. Mwaka 2015 tulikuwa 27, kwa hiyo kazi inafanyika. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, na kwa kijiji kisicho na darubini, kupimwa ni ule mstari.

Muda nao uheshimiwe. Karatasi ya maelezo inasema dakika 15, au 20, inategemea aina. Someni ya kipimo chenu. Ukisoma mapema, dhahabu bado iko njiani. Ukisahau kipimo mezani ukaja kukisoma jioni, karatasi imekauka, maji yamezirudisha baadhi ya chembe nyuma, na unaweza kuona mstari ambao haukuwepo. Hapo ndipo kivuli kipo kweli. Kwa hiyo yule mama aliyesema "ni kivuli" hakuwa mjinga, angekuwa sahihi kama ingekuwa jioni.

Na dani naye alikuwa na ombi. Wiki mbili baadaye, mtoto akicheza vizuri, alimrudisha apimwe tena, "nione mstari umeondoka." Mhudumu alikataa, na alifanya vyema. Ile protini hubaki katika damu wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Dhahabu haijui vimelea vilivyo hai na vilivyokufa, inakamatwa tu. Mstari ungetokea, dani angelia, na mtoto angemezeshwa dawa asiyoihitaji. Homa ikirudi mapema hivyo, mtoto apelekwe kituo cha afya aangaliwe kwa darubini. Na kipimo kikikataa huku homa inaendelea, vile vile apelekwe, maana homa ina wazazi wengi.

Adui wa lile koti

Ninalotaka vikundi vyote vilishughulikie ni joto na unyevu. Koti la dhahabu ni protini, na protini ikipata joto huharibika, kama yai linavyogeuka kwenye sufuria. Koti likiharibika linashindwa kukamata kitu, na chembe zinaweza kushikana mabonge. Bonge ni zito, halipandi vizuri kwenye karatasi, na rangi yake huhamia zambarau iliyofifia. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kukuonyesha T tupu kwa mtoto mgonjwa. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu mama anarudi nyumbani ametulia.

Vipimo vingi vimeandikwa visipitishe nyuzi 40, vingine 30. Siku ile, maneno yalipokwisha, niliuliza kasha hukaa wapi. Likawa linakaa juu ya kabati katika stoo ya kikundi, chini ya mabati yasiyo na dari. Niliazima kipimajoto cha mwalimu mmoja tukakiweka pale saa nane mchana. Kilipita 40. Hakuna aliyesema neno. Vipimo vile hatukuvitumia tena, mhudumu alivirudisha kituoni na kueleza, akapewa vingine.

Wengine wakauliza, basi si tuviweke kwenye friza ya duka? Hapana. Maelezo yanakataza kugandisha. 

Unyevu ndio sababu ya ile pakiti inayong'aa na kile kifuko kidogo ndani yake. Kifuko hicho si dawa, kinafyonza unyevu tu. Pakiti isifunguliwe mpaka mgonjwa ameketi mbele yako. Nimeona wahudumu wakifungua tano kwa pamoja asubuhi "ili kazi iende haraka." Huku kwetu, na mvuke wa ziwa, huko ni kuviharibu. Visindano vilivyotumika viende kwenye kasha lake la usalama, sio kwenye shimo la takataka ambako watoto wanachezea.

Kile kikundi kimehamisha kasha. Sasa liko chini ya kitanda cha mwenyekiti, katika nyumba ya nyasi, mbali na jiko, na kipimajoto kimefungwa kwa uzi kwenye mpini. Mweka hazina anaandika kipimo cha saa nane mchana nyuma ya daftari la akiba. Nilipopita mara ya mwisho niliona safu nzima ya 28 na 29, na siku moja 31 ambayo alikuwa ameipigia mstari kwa biki nyekundu.